Malkia wa Usiku: Ua Linaloishi Usiku Mmoja



Twendeni leo safari ya mbali, hata ng'ambo ya bahari, tufike katika jangwa la Sonora, lililo kusini ya Marekani na kaskazini ya Meksiko. Ni mwezi wa sita, na jua linakaribia kutua. Tangu majuma mengi mvua haikunyesha hata tone moja. Mchana joto lilipita digrii 40, na mawe bado yanachoma nyayo. Mbele yetu kuna kichaka chenye majani madogo madogo, na ndani yake twaona vijiti vitatu au vinne vya rangi ya majivu, vyembamba kama kidole, vimeegemea matawi ya kichaka mithili ya kuni zilizosahauliwa. Mpita njia angesema: « Hivi vimekufa zamani. » Pengine angevivunja apate kuwasha moto.

Lakini tusiondoke, tungoje kidogo. Giza linapoingia, chipukizi refu lililokuwa limefungwa ubavuni mwa kijiti kimoja laanza kutikisika. Ncha yake yafunguka, petali nyeupe zajikunjua moja baada ya moja, na kwa muda mfupi ua zima limekwisha kuwa wazi, jeupe kama shuka ya sikukuu, lenye urefu hata wa sentimeta 20 pamoja na kikonyo chake. Harufu yake tamu yaenea gizani. Mtu aliye mbali hatua nyingi huinusa kabla hajaliona ua lenyewe. Kesho asubuhi, jua likiisha kupata nguvu, ua hilo litafumba na kunyauka, wala halitafumbuka tena kamwe.

Wameksiko huuita mmea huu kwa Kihispania « Reina de la noche », maana yake Malkia wa Usiku. Juma hili tutaeleza malkia huyu ni nani, aishi vipi mahali pasipo maji, ahitaji nini apate kustawi, na kwa nini leo yumo hatarini.

Jina lake na jamaa yake

Wataalamu wa mimea humwita Peniocereus greggii. Jina la pili lamkumbusha Josiah Gregg, mfanyabiashara Mmarekani aliyesafiri sana katika nchi zile za ukame, akikusanya mimea na kuandika habari za njia za biashara. Alifariki mwaka 1850. Mwaka 1848 mganga George Engelmann, aliyekaa mji wa St. Louis na kupenda sana elimu ya mimea, alitoa maelezo ya kwanza ya mmea huu na kuupa jina la Gregg. Mwaka 1909 wataalamu wawili, Britton na Rose, waliutia katika kundi lake la sasa. Neno « Peniocereus » latokana na neno la Kiyunani lenye maana ya uzi, kwa sababu ya wembamba wa shina.

Mmea huu ni wa jamaa ya mpungate, ambao wengine huuita dungusi kakati. Hapa hatuna budi kuondoa kosa moja. Watu wengi wa kwetu, wakiona mmea wowote mnene wenye miiba, husema kwamba ni mpungate. Sivyo. Miti ile mikubwa kama kinara cha taa, iliyo mingi katika bonde la Ruzizi na katika mbuga za Rwindi na Rutshuru, si mipungate hata kidogo. Ni ya jamaa nyingine, ile ya mnyaa, ambao Wanyarwanda na Warundi huuita umuyenzi na kuupanda kuzunguka viunga. Ukitaka kutambua tofauti, tazama shina likijeruhiwa: jamaa ya mnyaa hutoa utomvu mweupe kama maziwa. Tena watoto waonywe, utomvu huo ukiingia jichoni huumiza vibaya sana. Mipungate iliyo mingi haina maziwa hayo, na miiba yake huota kwa vikundi, kila kikundi kikitoka katika kitundu kidogo chenye manyoya laini.

Mipungate yote asili yake ni Amerika. Iletwayo huku imeletwa na watu, kama mahindi na mihogo. Uko mmoja tu ulio mwenyeji pia wa misitu ya Afrika, hata ya Kongo: wataalamu wauita Rhipsalis baccifera. Huo hauna miiba, waning'inia juu ya miti kama nywele za kijani, na kuzaa matunda madogo meupe. Huyo ni binamu wa msituni. Malkia wetu ni wa jangwani.

Ghala chini ya ardhi

Twauliza sasa: vijiti vile vikavu vyapata wapi nguvu ya kutoa ua kubwa namna ile, tena katika mwezi ulio mkavu kuliko yote?

Jibu limefichwa chini ya ardhi. Tukichimba chini ya vijiti tungekuta kiazi kinene. Mara nyingi kiazi hicho huwa na uzito wa kilo mbili hata saba, lakini vimeonekana vikubwa sana vilivyokaribia kilo 40. Hii ndiyo ghala ya malkia. Mji wa Tucson, ulio katika nchi hiyo, hupata mvua ya milimita 300 hivi kwa mwaka mzima, ambapo Bukavu hupata zaidi ya 1000. Tena mvua hiyo ndogo huja mara mbili: kidogo wakati wa baridi, na mara ya pili kwa ngurumo kuanzia mwezi wa saba. Kila inyeshapo, mizizi hunywa upesi na kuweka akiba katika kiazi. Akiba hiyo hutunzwa miezi na miezi, hata ule usiku mmoja wa maua.

Kuna hekima nyingine katika shina lenyewe. Mimea yetu ya mashamba hufungua vitundu vyake vya pumzi mchana, ivute hewa ya kaboni na kutengeneza chakula kwa msaada wa jua. Lakini mchana wa jangwani, kufungua vitundu ni kupoteza maji. Kwa hiyo jamaa ya mpungate hufanya kinyume. Hufungua usiku, wakati wa ubaridi, huvuta hewa ile na kuiweka ndani kama uchachu. Kukicha hufunga milango, na mchana kutwa hutengeneza chakula kwa akiba ya usiku. Ndiyo maana shina la mimea hiyo huwa na uchachu mwingi alfajiri kuliko jioni.

Na kichaka kile je? Hicho ni mlezi. Mara nyingi ni kichaka kiitwacho kreosoti, au mti uitwao meskiti, ulio ndugu wa mti ambao Wakenya wauita mathenge. Mche mdogo wa malkia ukiota peupe juani hufa upesi. Chini ya mlezi hupata kivuli, hupata egemeo kwa mashina yake dhaifu, tena hufichika machoni pa wanyama wapendao kutafuna. Wafikaje chini ya mlezi? Tunda lake ni jekundu, ndege hulila, kisha hutua juu ya vichaka na kuangusha mbegu pamoja na mavi yao. Kwa njia hiyo ndege humtafutia mtoto nyumba ya kulelewa.

Mshenga wa gizani

Sasa tumefika penye shida yenyewe ya malkia. Ua lake haliwezi kuzaa kwa unga wake lenyewe. Hata ukichukua unga wa ua moja na kuupaka juu ya ua jingine la mmea ule ule, ni bure. Shurti unga utoke kwa mmea mwingine. Na kila ua lina usiku mmoja tu! Basi kama jirani atachanua juma lijalo, kazi yote ya mwaka imepotea.

Kwa sababu hiyo malkia hawachanui kila mmoja kwa siku yake. Mahali pamoja, walio wengi huchanua usiku mmoja, au nyusiku chache zinazofuatana, kati ya mwisho wa mwezi wa tano na mwezi wa saba. Katika bustani ya Tohono Chul mjini Tucson, watunzaji huangalia machipukizi siku kwa siku. Wakiona usiku umewadia huwatangazia watu, nao huja kwa wingi na tochi zao, wazee kwa watoto, kutazama.

Lakini maua hayana miguu. Nani atachukua unga kutoka kwa huyu hata kwa yule, gizani, katika nchi kubwa namna ile? Mshenga ni nondo mkubwa, mwenye mwili mnene na mabawa yenye nguvu, aelekeaye mahali palipo na harufu. Hutua mara chache; husimama hewani mbele ya ua akipiga mabawa, hunyosha mrija mrefu wa kinywa chake na kunywa utamu ulio chini kabisa. Unga wamganda kichwani na kifuani, naye auchukua kwa jirani bila kujua.

Na nondo huyu ni mtoto wa nani? Hapa wakulima watacheka. Mmoja wao, aitwaye Manduca sexta, alipokuwa kiwavi alikuwa adui wa mashamba: alikula majani ya tumbaku na ya nyanya. Jamaa yake wako hata huku kwetu. Yule kiwavi mnene mwenye pembe moja mkiani, alaye majani ya viazi vitamu na kutupunguzia matembele, akikua huwa nondo wa ukoo huo huo. Tusidhani basi kwamba ni wa kuangamizwa tu. Huko Kenya wataalamu walichungua mashamba ya mipapai, na mwaka 2009 walitoa habari kwamba nondo wa ukoo huu ndio wachukuzi wakubwa wa unga kutoka mipapai dume hata mipapai jike. Tena walikuja zaidi katika mashamba yaliyo karibu na vichaka na misitu. Akataye vichaka vyote na midume yote, asishangae akikosa mapapai. Kumbe habari ya jangwa la mbali yatugusa hata nyuma ya jiko letu.

Namna ya kumtunza

Wako wasomaji wapendao bustani watakaouliza: je, aweza kupandwa katika chungu? Aweza, ila mwenye haraka asijaribu. Haya ndiyo mahitaji yake.

Kwanza, udongo. Apenda udongo upitishao maji upesi: mchanga mkubwa na changarawe, pamoja na udongo kidogo wa shamba. Udongo wa mfinyanzi ni kaburi lake. Chungu kiwe kirefu kwenda chini, kwa sababu ya kiazi, na kiwe na matundu ya kutosha.

Pili, maji. Waswahili husema akiba haiozi. Lakini akiba hii huoza mara moja ikinyweshwa kupita kiasi. Wakati wa joto, mmea unapokua, mwagilia vizuri, kisha acha udongo ukauke kabisa kabla ya kumwagilia tena. Wakati wa baridi usimpe maji, au umpe kidogo sana. Watu wengi walioupoteza mmea huu hawakuuua kwa kiu, bali kwa huruma.

Tatu, mwanga na egemeo. Mashina yapate mwanga mwingi, lakini jua kali la mchana likingwe kidogo, na mguu wa mmea ukae kivulini, kama kwa mlezi wake. Mashina yafungwe polepole penye mti mdogo au wavu, maana hayawezi kujisimamisha.

Nne, uzazi. Mbegu huota katika mchanga wenye unyevu na joto, lakini yakupasa kungoja miaka kadhaa kabla ya kuona ua la kwanza. Kipande cha shina nacho chaweza kupandwa. Ila kikiisha kukatwa kiachwe kivulini majuma mawili hivi, jeraha likauke, ndipo kitiwe mchangani. Anayetaka matunda awe na mimea miwili isiyokatwa katika shina moja.

Kwa sisi tukaao penye mvua nyingi, chungu kisiachwe uani wakati wa masika. Kiwekwe barazani chini ya paa, mahali penye mwanga. Tena tusimchanganye na mmea mwingine uitwao pia Malkia wa Usiku, ambao hupandwa katika bustani nyingi za nchi za joto: una mashina bapa kama majani marefu, na maua makubwa meupe ya usiku. Huo ni Epiphyllum oxypetalum, mtoto wa misitu ya Meksiko na nchi jirani. Wapenda udongo wa majani yaliyooza, kivuli na unyevu. Ukimtunza wa jangwani kama wa msituni ataoza. Ukimtunza wa msituni kama wa jangwani atakauka. Jina moja, mahitaji mbalimbali.

Hatari iliyomkuta

Tungependa kumaliza kwa habari ya harufu tamu, lakini yafaa tuseme na neno chungu. Wenyeji wa kale wa jangwa lile, kama Watohono O'odham, walikijua kiazi hiki kwa kukitumia kama dawa na chakula. Lakini siku hizi wako watu wanaokichimba porini ili kukiuza kwa wapenda bustani au kwa wauza dawa. Shina likikatwa, au likitafunwa na sungura, kiazi chaweza kuchipuka tena. Kiazi kikichimbwa, yamekwisha. Juu ya hayo miji na mashamba yameenea, na vichaka walezi vimeng'olewa.

Angalieni hasara yake ilivyo. Mwizi achukuapo mmea mmoja hamwibii malkia mmoja tu. Wale waliobaki wamekuwa mbali zaidi wao kwa wao. Usiku wa maua utafika, ua litafunguka, harufu itaenea, nondo atakuja na kunywa. Lakini hana unga wa jirani, maana jirani hayupo. Asubuhi ua litafumba bila mbegu. Kwa macho yetu ua ni lile lile, zuri kama jana, kumbe limekuwa tasa. Mmea waweza kuchanua hivyo miaka mingi, na watu wakasema: « Bado yupo, mbona? », hali ukoo unakwisha.

Kwa hiyo serikali zimeweka sheria. Meksiko imeutia katika orodha ya mimea yenye ulinzi, na mkoa wa Arizona huko Marekani hauruhusu kuuchimba ovyo porini. Tena mkataba wa mataifa uitwao CITES, uliotiwa sahihi mjini Washington mwaka 1973, wasimamia biashara ya karibu jamaa yote ya mipungate toka nchi hata nchi. Anayetaka kuwa na malkia nyumbani amnunue kwa mkulima aliyemwotesha kwa mbegu, asinunue kiazi kilichong'olewa porini, hata kikiuzwa kwa bei rahisi.

Nasi tufanye nini? Hatuna jangwa la Sonora, lakini tuna misitu, mabonde na vichaka vyetu, navyo vina mimea ambayo mchana hatuijali. Tuwafundishe watoto kutovunja kitu kwa kuwa tu chafanana na kijiti kikavu. Tuwafundishe wachimba dawa kuacha mizizi mingine ardhini, ili mwakani pawe na kitu cha kuchimba. Na jioni moja, wazazi, toeni viti nje, mwende na watoto karibu na mpapai dume unaochanua, mzime taa, mngoje kimya. Mtasikia uvumi wa mabawa kabla hamjaona kitu. Huyo ndiye mshenga, yuko kazini.

Maswali kwa wanafunzi

1. Kwa nini ua la Malkia wa Usiku haliwezi kuzaa likichanua peke yake?
2. Kiazi chake chafanya kazi gani, na kwa nini maji mengi hukidhuru?
3. Taja tofauti mbili kati ya mpungate na jamaa ya mnyaa.
4. Mti mlezi humsaidia mche mdogo kwa njia gani tatu?
5. Kiwavi wa viazi vitamu na tunda la papai vina uhusiano gani?

Majibu yote yamo katika ukurasa huu. Asiyeyaona asome tena polepole, au amsomee bibi yake kwa sauti. Pengine bibi atayajua mengine ambayo sisi hatukuyaandika.